Wimbo Usio na Theluji

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanakwaya, walimu wa muziki na vijana wa mtaa katika ukumbi wa jamii hapa Eastlands, Nairobi. Naiweka nzima kwa ajili ya wote walionipigia simu wakisema kazi iliwazuia kufika.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wanakwaya, na ninyi vijana mliojazana pale nyuma, hamjambo?

Asanteni kwa kuja. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie muziki wa Krismasi kwa jumla. Nimemwomba ruhusa nizungumzie wimbo mmoja tu, maana mambo ya jumla huingia sikio hili yakatokea lile. Wimbo wenyewe ni "Mary's Boy Child", ule wa kundi la Boney M. Naona vichwa vimeanza kutikisika hapa mbele, na hakuna aliyeupiga bado!

Sasa niambieni. Kila mwaka, Jamhuri ikishapita tu, mnausikia wapi? Kwenye supermaketi, sawa. Kwa kinyozi. Ndani ya matatu, Jogoo Road yote. Pale Luthuli Avenue kwenye maduka ya spika, ambako kila duka linapiga la kwake kwa sauti ya mwisho, utausikia huu ukipenya katikati ya kelele zote. Rekodi hiyo ilitoka mwaka 1978. Vijana wote mlio humu hamkuwa mmezaliwa, na wengi wenu hata wazazi wenu hawakuwa wamezaliwa. Ni nyimbo ngapi za 1978 mnazozijua kuanzia mwanzo hadi mwisho?

Kwa nini huu? Swali langu la leo ni hilo tu. Kwa nini huu?

Wapo watakaosema ni biashara, kwamba wenye maduka wanaupiga ili tununue. Ni kweli wanataka tununue. Lakini maduka hayohayo hupiga nyimbo nyingine nyingi za msimu. Siku moja mkiwa kwenye foleni ya kulipa, angalieni watu. Nyimbo nyingine zinawapita. Huu ukifika kwenye kiitikio, midomo inaanza kucheza. Mama mwenye toroli anaimba, mlinzi wa mlangoni anaimba, msichana wa kwenye kaunta anaimba huku akihesabu chenji. Duka linaweza kukulazimisha usikie, lakini kuimba hakulazimishwi.

Tuanzie kwenye asili yake, kwa sababu wengi wetu tunadhani ni wimbo wa Boney M. Siyo. Mwaka 1901, katika kijiji cha Belews Creek, jimbo la North Carolina huko Marekani, alizaliwa mtoto aliyeitwa Jester Hairston. Babu na bibi yake walikuwa watumwa. Alikulia karibu na Pittsburgh, akasomea muziki, na maisha yake yote akawa mtu wa kwaya. Alifundisha sauti, alizipanga nyimbo za kiroho za watu weusi ili kwaya ziweze kuziimba, aliongoza waimbaji. Walimu wa kwaya mlioko hapa, huyu alikuwa mwenzenu kabisa.

Basi, kuna wakati Hairston alikuwa akiishi chumba kimoja na rafiki yake, kama wengi wetu tulivyoanza maisha hapa Nairobi. Yule rafiki akamwomba amtungie wimbo wa sherehe ya kuzaliwa. Wageni wengi wangekuwa watu wa visiwa vya Karibi, kwa hiyo Hairston akautia mdundo wao, kalipso. Jina la wimbo lilitaja mkate wa mahindi na chai ya chokoleti. Haukurekodiwa. Ulibaki kuwa wimbo wa sherehe tu.

Muda ukapita. Walter Schumann, aliyekuwa akiongoza kwaya yake kule Hollywood, akamwomba Hairston wimbo mpya wa Krismasi. Hairston akaukumbuka ule mdundo wa zamani. Akauandikia maneno mapya, ya Bethlehemu, wachungaji, nyota na mtoto.

Mnaona kilichotokea, ndugu zangu? Wimbo wa kusherehekea kuzaliwa kwa mtu wa kawaida ukawa wimbo wa kusherehekea kuzaliwa kwa Yesu, na mdundo wa sherehe haukuondolewa. Umo mpaka leo. Ndiyo maana bibi yangu kule kijijini, ambaye Kiingereza hakukijua kabisa, alikuwa akiusikia redioni anaacha anachofanya, anatikisa mabega. Hakuhitaji kutafsiriwa. Mdundo ulikuwa umeshamwambia kwamba kuna mtoto amezaliwa mahali.

Niseme na hili, kwa kuwa najua lipo mioyoni mwa baadhi yenu. Wapo wanaosema huu ni muziki wa disko, haufai madhabahuni. Mzee mmoja wa kanisa, mtu niliyemheshimu sana na ninayemheshimu hadi leo, alinikataza nisiifundishe kwaya wimbo huu. Alisema ngoma zake ni za klabu. Nikamwuliza, "Mzee, mjukuu akizaliwa kwenu, mnafanyaje?" Akafikiri. Akasema, "Tunapiga vigelegele." Nikamwambia, "Basi huu ni wimbo wa vigelegele." Tuliuimba Krismasi ile bila kinanda, kwa ngoma moja na kayamba, na kina mama walipofika kwenye kiitikio mzee mwenyewe alikuwa amesimama. Nawaambia wanakwaya: msiione aibu furaha. Habari ya mtoto kuzaliwa haisomwi kama tangazo la msiba.

Jambo la pili, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Jaribuni kukumbuka maneno ya wimbo huu. Kuna theluji humo?

Hakuna. Hakuna theluji, hakuna sledi, hakuna moto wa kuota ndani huku nje kukiwa na barafu. Kuna wimbo mwingine mkubwa wa Krismasi, "White Christmas", ambao Irving Berlin aliutunga na Bing Crosby akaurekodi mwaka 1942. Unahesabiwa kuwa miongoni mwa rekodi zilizouzwa kwa wingi zaidi duniani, na ni wimbo mzuri, sina ugomvi nao. Lakini ni wimbo wa mtu anayeikumbuka theluji ya kwao. Sisi Desemba yetu ni jua. Mvua za vuli zinaondoka, vumbi linarudi, watoto wamefunga shule wanacheza nje mpaka giza liingie. Ukiimba wimbo ule hapa Nairobi unakuwa kama mtu anayesifu picha ya nyumba ya mwenzake.

Naona Hairston hakuweka theluji kwa sababu mbili. Kwanza, alifuata Biblia, na Luka hakutaja theluji popote. Pili, mdundo alioutumia ulitoka visiwa vya jua. Kwa hiyo wimbo ulipofika kwetu haukutudai tujifanye tuko mahali pengine. Wachungaji wanaolala nje na mifugo usiku, hao tunawajua. Watu wanaorudi kwao kuhesabiwa, hao tunawajua sana, tena katika mwezi uleule! Nendeni Machakos Country Bus wiki ya Krismasi mjionee. Nauli imepanda, magunia ya unga na magodoro yako juu ya basi, mtoto amelala begani, kila mtu anaelekea alikotoka baba yake. Yusufu angepanda basi pale na hakuna ambaye angemshangaa.

Halafu kuna ule ubeti wa kutafuta chumba. Wimbo unaeleza kwa maneno machache sana jinsi Yusufu na Mariamu walivyofika Bethlehemu usiku na kukosa hata chumba kimoja cha mtoto kuzaliwa. Haumtukani mwenye nyumba, wala haulii. Unaeleza tu, kisha unakwenda kwenye zizi, kisha unarudi kwenye kiitikio cha furaha.

Ni nani hapa ambaye hajatafuta nyumba Nairobi? Kuna kijana aliyewahi kuwa jirani yangu. Walihamishwa walikokuwa mwanzoni mwa Desemba, mkewe akiwa na mimba kubwa. Walizunguka Pipeline, wakazunguka Kayole, wakapandishwa ngazi za ghorofa hadi ya tano kuonyeshwa chumba, kisha keateka, yule msimamizi wa jengo, akiliangalia tumbo la mama anakumbuka kwamba chumba kimeshachukuliwa. Kwingine wakaambiwa waziwazi kwamba watoto wachanga wanamaliza maji. Walichopata ni chumba cha mabati nyuma ya kinu cha kusaga unga, na mtoto akaletwa humo, huku mashine ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Kijana yule aliniambia kwamba Krismasi iliyofuata aliusikia wimbo huu ndani ya matatu, ukafika kwenye ule ubeti, akaangalia nje ya dirisha mpaka wanashuka. Alikuwa ameusikia tangu utotoni. Siku ile ndipo alipousikiliza.

Nani kati yetu anaweza kumwambia kijana yule kwamba wimbo huu si wa kwetu?

Sasa twende kwenye waliouimba, maana wimbo haukai kwa kutungwa vizuri peke yake. Lazima upokewe, ukabidhiwe, upokewe tena.

Wa kwanza kuubeba duniani kote ni Harry Belafonte. Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1927, wazazi wake wakitokea Jamaika. Aliisikia kwaya ikiuimba, akaomba ruhusa ya kuurekodi, na mwaka 1956 akaurekodi. Mwisho wa mwaka 1957 ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki 7, na ukauza nakala zaidi ya milioni 1 ndani ya Uingereza pekee. Sikilizeni rekodi ile mkifika nyumbani. Anaimba taratibu, karibu kwa kunong'ona, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Na Belafonte si mgeni kwenu. Tom Mboya alipokuwa akihangaika kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani, Belafonte ni mmoja wa waliotia sahihi barua ya kuchangisha fedha, pamoja na mwigizaji Sidney Poitier na yule mchezaji wa besiboli, Jackie Robinson. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Kwa hiyo sauti iliyoimba juu ya mtoto aliyekosa chumba ni sauti ileile iliyoomba Wamarekani watoe pesa ili watoto wa watu wa hapa wapate nafasi darasani. Mimi nikiliwaza hilo, wimbo unakuwa na uzito mwingine kwangu.

Wa pili, wazee mnamjua. Mnamjua! Jim Reeves, yule Mmarekani wa nyimbo za country. Mwaka 1963 alitoa albamu ya nyimbo 12 za Krismasi, na wimbo huu umo. Vijana, ulizeni babu zenu kuhusu Jim Reeves. Kulikuwa na nyumba za Nairobi ambako Jumapili mchana haikupita bila santuri ya Jim Reeves, watu wakiwa wamekaa na nguo zao za kanisani. Aliuondolea wimbo kalipso, akauimba kwa ile sauti yake nzito isiyo na haraka. Alikufa katika ajali ya ndege Julai 1964, lakini redio yetu haikumzika.

Halafu wakaja Boney M. Liz Mitchell na Marcia Barrett, wote wazaliwa wa Jamaika, wakaingia studio na mtayarishaji Mjerumani, Frank Farian. Wakauchukua wimbo wa Hairston, wakauunganisha na kipande kipya cha sifa kiitwacho "Oh My Lord". Desemba 1978 ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki 4, na huko peke yake umeuza nakala zaidi ya milioni 1 na nusu. Farian ndiye aliyeujazia vyombo, lakini kwangu kilichotufikia ni sauti ya Liz Mitchell. Ina tabasamu ndani yake. Mwambieni mwanakwaya wenu wa sauti ya kwanza aisikilize mara nyingi kabla ya kuiga chochote. Hapigi kelele hata mara moja. Wimbo unakuwa mkubwa, naye anabaki mtulivu katikati yake.

Na angalieni hili, walimu wangu. Mwaka 1981 Boney M waliimba "Malaika", wimbo ambao Fadhili William aliurekodi hapa Kenya na ambao Belafonte aliuimba na Miriam Makeba katika albamu yao ya 1965. Mwaka 1983 wakachukua "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, bendi ya Pwani yetu. Belafonte: wimbo wa Krismasi na "Malaika". Boney M: wimbo wa Krismasi na "Malaika", halafu "Jambo". Watu haohao waliotuletea wimbo wa Krismasi walichukua na nyimbo hizi kutoka kwetu. Watoto wa Karibi walikuwa wanatafuta nini kwenye nyimbo zetu? Naamini walitafuta kile tunachokitafuta kwenye wa kwao: kiitikio ambacho mtu akikisikia mara ya pili anaingia bila kuomba ruhusa.

Ngoja niwape picha ya kiitikio kinachofanya kazi. Asubuhi ya Krismasi, kwenye ploti, vyumba vinatazamana, kamba za nguo zimepita juu. Kila mlango una jiko la makaa nje, na kila mama anasukuma chapati. Redio ni moja tu, imewekwa dirishani kwa Mama fulani wa mlango wa mwisho. Ubeti unapita, hakuna anayeimba, kila mtu anageuza chapati yake, mafuta yanalia kwenye kikaango. Kisha kiitikio kinaanza. Wa mlango wa kwanza anaingia. Wa mlango wa tatu anaingia na sauti ya pili, hakuna aliyemfundisha. Kijana aliyekuwa anafua anapiga mtungi wa maji kwa kiganja. Huyu ni Mluhya, yule Mkamba, yule Mkikuyu, na kuna dada Mwislamu ambaye jirani yake amempelekea chapati ya kwanza, naye pia anaimba. Ubeti ukirudi wananyamaza wote, wanaendelea na chapati. Hakuna mwalimu. Hakuna mazoezi. Wimbo wenyewe umewagawia kazi: redio isimulie, nyinyi mwitikie.

Si hivyo ndivyo nyimbo zetu zilivyokuwa? Wa kuanzisha na wa kuitikia?

Ndiyo sababu leo sikuja kuusifu tu. Nimekuja kuwadai. Nyimbo za Krismasi za Kiswahili tunazo, na kwaya zetu zimerekodi nyingi, zingine nzuri sana. Lakini nyingi zinahubiri kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho: tubuni, okokeni, siku zimekwisha. Kuhubiri kuna mahali pake na kuna mtu wake, na mtu huyo ana kipaza sauti tayari. Wimbo ulioishi miaka yote hii hauniamrishi kitu zaidi ya kusikiliza. Unasimulia. Watu wawili walifika usiku, hawakupata chumba, mtoto akazaliwa, mbingu zikaimba. Mimi ndiye ninayeamua nitalia au nitacheza.

Kwa hiyo mtunzi wa hapa, andika masimulizi. Iandike Bethlehemu kama mtu aliyewahi kutafuta nyumba Umoja. Mweke Yusufu na begi lake la fundi. Weka mchungaji anayejua baridi ya Kajiado saa tisa usiku. Usiweke theluji, nakuomba! Kiitikio kiwe kifupi, na sauti isipande mahali ambapo mama anayesukuma chapati hawezi kufika. Na mdundo uwe wa kwenu, wowote ule. Isukuti inajua kushangilia mtoto. Chakacha inajua. Benga inajua.

Nimezungumza na mwenyekiti na ukumbi tumepewa. Jumamosi ijayo saa nane mchana, mwenye ubeti mmoja na kiitikio, hata kama haujakamilika, aje nao. Usije na kinanda, usije na simu yenye midundo. Njoo na mtu mmoja ambaye hajawahi kuusikia wimbo wako, umketishe hapa mbele, uimbe. Sote tutamtazama yeye, tuone kama kiitikio kikirudi mara ya pili midomo yake itaanza kucheza.